Tepu nyekundu ya shemeji: masika mawili kwenye chumba cha asali

Wenzangu shemeji zao wakirudi kutoka ughaibuni huletewa simu na manukato. Mimi Desemba 2023 nililetewa tepu. Rola sita, nyekundu pyu, zimefichwa ndani ya sweta. Shemeji, mdogo wake mume wangu, anajenga nyumba za mbao huko Edmonton, Kanada. Alizipanga mezani moja juu ya nyingine kama chapati, akasema, "Shemeji, uliniambia asali yako inakunywa maji. Dawa yake hii hapa." Nikasema ahsante shemeji, Mungu akuzidishie. Moyoni nilikuwa napiga hesabu: kwa uzito ule, angeweza kubeba viatu jozi ngapi?

Naandika masika ya pili yakielekea ukingoni. Rola moja imeingia kwenye chumba, moja imeishia kwenye majaribio na makosa, moja na nusu imepotelea kwa mama mkwe na wajukuu wake. Hizo za mama mkwe sizihesabii hasara, kwa sababu beseni lake lililopasuka mwaka jana bado linafulia nguo.

Asiyekuwa wa Tabora atauliza asali na tepu ya ujenzi zinajuana wapi. Mimi nafungasha asali hapa Ipuli. Inakuja kwenye ndoo za lita ishirini kutoka Sikonge, asali ya miyombo, nyingine bado ya mizinga ya magome. Ikivunwa wakati wake, kipima maji changu kinasoma kati ya 17 na 19, yaani asilimia ya maji yaliyomo. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, kinaishia 20. Ikivuka hapo hamira zilizolala ndani yake zinaamka, asali inachacha, inatoa povu, kifuniko kinavimba. Na asali haina haya. Ikikuta hewa yenye unyevu inakunywa tu, kama mtu aliyekuja harusini bila kuchangia. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 60 hivi, asali ya 18 inakaa ilivyo. Februari kwetu, mvua ikishinda inanyesha, kipima unyevu changu cha ukutani kilikuwa kinasoma 80 na ushee.

Najua kuna anayesema, si ufunge ndoo? Ndoo nafunga, tena kwa kuikalia. Lakini asali lazima ichujwe, na baada ya kuchujwa lazima itulie kwenye pipa siku mbili tatu ili mapovu na vipande vya nta vielee juu, na pipa hilo limefunikwa kitambaa tu. Hapo hapo kuna masega yanasubiri zamu yake. Siku hizo tatu ndizo zilikuwa zinaniua. Februari 2023 niliingiza asali ya 18.5, siku ya tatu nikapima ile ya juu juu: 20.5. Niliikoroga, nikajidanganya, nikafungasha. Baada ya wiki sita mteja wangu wa Dodoma akanitumia picha ya chupa imetoa ulimi.

Nikanunua mashine ya kukausha hewa, ya mitumba. Tangi lake la lita mbili lilikuwa linajaa asubuhi na jioni, na kipima unyevu hakishuki chini ya 74. Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinayeyuka nikiziangalia. Fundi wangu alikuja kuitazama, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akasema, "Mama, hii mashine inakausha hewa ya Ipuli nzima." Akanionyesha mwanga unaopita kati ya ukuta na bati. Akanionyesha pembeni mwa sakafu, chumvi nyeupe iliyokuwa inachipuka kama ukungu wa mkate. Sakafu ilimwagwa bila nailoni chini, maji ya ardhini yanapanda yenyewe. Juu nako, usiku wa anga jeupe baada ya mvua, bati linapoa kuliko hewa iliyo chini yake, alfajiri linatoa jasho na jasho linadondoka.

Hapo ndipo tepu za shemeji zilipotolewa kabatini, zikiwa zimekaa humo miezi tisa.

Nieleze kwanza ni kitu gani, maana wengi wakiiona wanadhani ni ya kufungia mizigo. Kule Kanada nyumba za mbao zinavalishwa nailoni kwa ndani ya kuta, nyuma ya mbao za jipsamu. Wakati wa baridi nje kunaweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi thelathini na ndani wamewasha joto. Mvuke wa kupikia, wa kuoga, wa pumzi za watu, wote unaelekea kwenye baridi. Ukipenya ndani ya ukuta unageuka maji, maji yanageuka barafu, na miaka michache baadaye mbao zinaoza. Nailoni inauzuia. Sasa nailoni inakuja kwa vipande, na kwenye maungio ndiko kwenye shida, kwa kuwa mvuke mwingi haupiti kwenye nailoni yenyewe, unabebwa na hewa inayopenya kwenye nafasi. Ni chandarua chenye tundu: mbu hana habari na sehemu iliyo nzima. Tepu hii ni ya kuziba hayo maungio. Wanaitumia pia kwenye maungio ya mbao zinazofunika nyumba kwa nje.

Nilimpigia simu shemeji kumuuliza tuweke upande gani, na hapo tulibishana kidogo. Yeye: upande wa ndani, siku zote ndani. Nikamwambia shemeji, ndani kwenu ndiko kuna joto. Kwetu hakuna anayewasha joto, na unyevu unatoka nje na ardhini. Akanyamaza. Akasema ngoja nifikirie. Kesho yake akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba ambao kwa kifupi ulisema: shemeji uko sahihi. Nimeuhifadhi.

Kwa hiyo mpango ukawa huu. Nailoni juu ya sakafu ya zamani, kisha zege jembamba la sentimita tano juu yake. Huko juu, ile karatasi ya kung'aa yenye vipovu, inayouzwa kwa ajili ya kuzuia joto la bati, tuipigilie chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na kuziba maungio yake. Kuta tusizivalishe chochote, ziachwe na lipu yake zipumue.

Sasa tepu yenyewe. Upana sentimita 6, urefu wa rola moja mita 66. Juu ni plastiki nyembamba ngumu, chini ni gundi ya akriliki, isiyonuka mpira kama tepu ya kijivu ya kitambaa. Ukiivuta inapiga kelele kriiii mpaka kuku wanakimbia. Kwa kucha haikatiki kirahisi, tumia wembe au kisu cha karatasi. Dakika za mwanzo ukikosea unaweza kuibandua na kuirudisha. Kesho yake ukijaribu, inaondoka na ngozi ya kitu ilichokishika. Gundi hii inazidi kukaza kadiri inavyokaa, kwa hiyo usiihukumu saa ile ile.

Mimi si mtu wa kuamini boksi. Septemba 2024, kabla fundi hajagusa kitu, nilichukua vipande vya nailoni nikavipachika kwa tepu tano: selotepu ya kahawia ya kufungia maboksi, masking tepu ya mafundi rangi, ile ya kijivu ya kitambaa, ile ya fedha ya mafundi wa viyoyozi, na hii nyekundu. Seti moja nikaitundika stoo, nyingine nikaiweka juu ya bati la jiko, jua la Tabora la Septemba mnalijua. Selotepu ya kahawia iliinua pembe siku ya nne hata kule stoo. Masking tepu naona aibu hata kuieleza. Ya kijivu ilishika vizuri wiki mbili, kisha kwenye joto ikaanza kuteleza taratibu na kuacha utomvu unaonata kila kitu, mpaka mjusi mdogo akakwama, nikamwokoa kwa mafuta ya kupikia. Ya fedha ilishika barabara kwenye ile karatasi ya kung'aa, ila kwenye nailoni inayokunjika ilipasuka kwenye mikunjo. Nyekundu kule stoo ilikaa kama imezaliwa hapo. Nilipojaribu kuibandua, nailoni ndiyo iliyonyooka na kuchanika.

Lakini ile nyekundu ya juu ya bati, nilipoirudia Januari, ilikuwa imepauka na plastiki yake inavunjika vipande vipande kama ganda la karanga. Jua linaiua. Shemeji anasema hata kwao hairuhusiwi kuachwa wazi muda mrefu, lazima ifunikwe. Mama mkwe ameshaambiwa, ila anaendelea kufungia bomba la maji la nje.

Sakafu tuliifanya mwanzoni mwa Oktoba. Chumba ni mita nne kwa tano. Nailoni niliyonunua ni geji 1000, unene wa robo milimita, na dukani inauzwa kwa mita ikiwa imekunjwa, ukiifungua inakuwa na upana wa mita nne. Fundi akafurahi: kipande kimoja, kazi imekwisha. Nikamwambia hapana fundi, lazima ipande ukutani sentimita kumi na tano kila upande, isiwe sahani, iwe bakuli. Basi ikabidi vipande viwili, na kiungo kimoja kirefu cha mita tano na kidogo.

"Mama, sisi huwa tunapandishanisha futi moja, tunamwaga zege, uzito unashikilia. Tepu ya nini?"

"Toroli likipita juu na nailoni ikateleza, wewe utajuaje?"

"Nitajua."

"Utajuaje?"

Akacheka, akachukua kitambaa.

Kitambaa ndicho nusu ya kazi. Oktoba hapa ni vumbi, hata nailoni iliyotoka dukani dakika kumi zilizopita ukipitisha kidole inaacha mstari. Tuliipangusa mara moja kwa kitambaa kikavu, mara ya pili kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, tukasubiri ikauke. Kibarua anashika kipande cha juu kisitembee, fundi anafungua tepu kama nusu mita nusu mita, anailaza bila kuivuta. Mwanzoni aliivuta, mkono wa fundi umezoea kukaza kila kitu, na tepu iliyovutwa inataka kurudi ilikotoka. Baada ya saa moja ilikuwa imejikunyata na kutengeneza vijifereji vya kupitisha hewa. Tukakata, tukarudia. Ikishalala lazima ikandamizwe, gundi yenyewe inaamshwa na mgandamizo. Shemeji anatumia kirola maalumu cha mpira. Mimi nilileta kifimbo cha kusukumia chapati. Fundi alinitazama kwa huruma, lakini alipopita nacho mara ya kwanza rangi ya tepu ilibadilika mbele ya macho yetu: palipokuwa na weupe weupe wa hewa chini yake pakawa pekundu pa kuiva. Hicho ndicho kipimo nilichobaki nacho. Pakiwa na weupe, bado.

Juu ilikuwa kazi ya alfajiri. Saa kumi na moja na nusu fundi yuko kwenye ngazi, saa nne bati limeshakuwa kikaango na hakuna binadamu anayefanya kazi ya maana pale. Karatasi ya kung'aa ina upana wa mita 1.2, vipande vinne, maungio matatu, na kila tundu la pini tulilifunika na kipande kidogo cha tepu. Kwenye karatasi hii tepu inashika kuliko mahali pengine popote, kama sumaku. Kasoro ilikuwa jasho. Tone moja la paji la uso wa fundi liliangukia kwenye kiungo, tukabandika juu yake kwa haraka, kesho yake pamevimba lengelenge. Tukapasua, tukapangusa, tukaweka kiraka.

Tepu ilishindwa ukutani. Ile nailoni iliyopanda sentimita kumi na tano, na kingo za karatasi ya juu, tulizibandika moja kwa moja kwenye lipu. Lipu ya saruji hata uipanguse vipi inatoa unga. Tepu ilishika unga, unga haukushika ukuta. Ndani ya wiki moja mita kumi na nane za kuzunguka chumba, chini na juu, zilikuwa zinaning'inia kama mapambo ya harusi iliyokwisha, na upande wa gundi umejaa vumbi la kijivu. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ile rola niliyosema imeishia kwenye makosa. Dawa tuliyoipata wenyewe: fundi alipaka mkanda wa rangi ya mafuta upana wa kiganja kuzunguka ukuta, akarudia mara ya pili, tukaacha siku tatu, ndipo tukabandika. Kisha juu tukapigilia papi, vipande vyembamba vya mbao, kuikandamiza. Ikanyamaza. Kama una ukuta wa lipu au tofali tupu, usipoteze tepu yako, anza na rangi.

Katikati ya Novemba tukaziba kila kitu, mlango ukawekewa mpira wa kuzuia upepo, nikawasha mashine. Nikangoja miujiza.

Siku ya kwanza kipima unyevu: 83. Siku ya tatu: 85. Chumba kilichokuwa na mianya kama chekecheke kilikuwa kinasoma 80, sasa nimekiziba kwa tepu ya kutoka Kanada kinasoma 85. Tangi la mashine linajaa asubuhi, mchana na usiku. Wiki ya pili lebo zangu za karatasi zilizokuwa kwenye rafu zilijikunja, na kwenye papi mpya zikatokea doa za kijani. Nikampigia shemeji simu usiku, kwao mchana, nikamweleza kwa lugha ambayo shemeji hapaswi kuisikia kwa mke wa kaka yake. Akasubiri nimalize, akauliza swali moja: "Zege lina siku ngapi?"

Siku arobaini na kitu. Fundi alikuwa ameniambia limekauka, mama, ona limekuwa jeupe. Na kweli juu lilikuwa jeupe. Lakini zege linakauka polepole, mafundi wa huko wana kanuni yao ya takribani mwezi mmoja kwa kila inchi, na hapo hewa iwe inapita. Langu lilikuwa na inchi mbili, chini yake nailoni isiyopitisha kitu, kwa hiyo maji yote yalikuwa na njia moja tu, kupanda juu, kuingia kwenye chumba ambacho mimi mwenyewe nimekiziba. Tepu ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Nilikuwa nimefungia maji ndani.

Shemeji akanielekeza jaribio moja, na hili nawaomba mlishike kuliko yote niliyoandika. Kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ilaze sakafuni, ziba kingo zote nne kwa tepu, acha mpaka kesho. Nilifanya saa moja jioni. Asubuhi chini ya nailoni kulikuwa na matone madogo yamejipanga kama jasho la pua, na zege chini yake limekuwa jeusi. Hatukuwa na ujanja. Tukafungua mlango na dirisha kila mchana mvua isiponyesha, tukaondoa papi zenye ukungu, mashine ikabaki inafanya kazi usiku. Kila Jumapili nikawa narudia kile kipande. Jumapili ya pili matone. Ya nne, ukungu mwepesi tu. Ya saba, mwanzoni mwa Januari, nailoni kavu, zege jeupe. Hapo ndipo nikajua mambo mawili kwa pamoja: maji yalikuwa ya zege na siyo ya ardhini, na kile kiungo cha mita tano chini ya miguu yangu kimeshika, maana kingekuwa kimeachia, matone yasingekwisha.

Tangu tulipoziba tena, mashine inajaza tangi mara moja kwa siku mbili, na unyevu unakaa kati ya 55 na 58 hata Februari. Asali ya 18.5 ikitulia siku tatu inatoka 18.5. Wakati mwingine 18.4, lakini sitaki kujisifu kwa pointi moja, kipima chenyewe cha mkono. LUKU imetulia.

Jambo moja dogo kabla sijasahau: chumba kilichozibwa namna hii si cha kuwashia jiko la mkaa. Zamani asali iliyoganda nilikuwa naiyeyusha humo humo kwa maji ya moto juu ya mkaa. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu wakiwa wamekaa. Jiko lilitoka siku ile ile tepu ilipoingia.

Sasa upatikanaji, na hapa nina kinyongo. Tabora madukani sijaiona. Mwaka jana, nikidhani rola zangu zitaisha, niliagiza Dar kwa muuzaji mmoja aliyenitumia picha nzuri kabisa, nyekundu ile ile. Ikaja kwa basi, rola nne, shilingi elfu arobaini na nane pamoja na parseli. Nilipovuta ya kwanza nikajua. Haikulia kriiii, ilinong'ona. Plastiki laini kama ya pipi, ukiishikilia kwenye mwanga unaona upande wa pili, gundi inanuka mpira. Ilikuwa selotepu ya maboksi iliyopakwa rangi. Niliijaribu kwa haki, wiki moja stoo, ikainua pembe kama ndugu yake wa kahawia. Muuzaji akasema "nyekundu ni nyekundu tu dada", kisha simu yake ikawa haipatikani. Kwa hiyo ukiagiza, usiagize rangi. Uliza gundi: akriliki au mpira? Uliza ni ya ujenzi au ya kufungashia. Mwambie akutumie video anaivuta, usikilize.

Je, kila mtu anaihitaji? Hapana. Jirani yangu anauza asali ya chupa za maji za nusu lita kwa abiria wa stesheni, inatoka kwenye ndoo asubuhi jioni imekwisha. Huyu tepu ya nini? Anayejenga nyumba ya kawaida ya kuishi na anamwaga jamvi, yaani zege la sakafu, juu ya nailoni, kiungo kimoja kikizibwa kwa tepu hii atafaidika, lakini kama pesa ni ya kubana, kwanza anunue nailoni nene na aipandishe ukutani. Tepu nzuri juu ya nailoni ya geji 250 ni kilemba juu ya kichwa chenye chawa. Mwenye stoo ya mbegu, ya unga, ya dawa, au mwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa au kiyoyozi, huyo aitafute hata kwa tochi.

Nimeipa nyota nne. Ya tano ningeipa kama ingeshika lipu, au kama mtengenezaji angeandika mahali fulani kwenye rola, kwa herufi kubwa, kwamba zege likauke kwanza. Shemeji anasema hilo si kosa la tepu. Ndiyo maana nimetoa nne na siyo tatu.

Zimebaki rola mbili na nusu. Ziko juu ya kabati la chumbani, nyuma ya sanduku, mahali ambapo mama mkwe hafiki bila stuli. Stuli nimeihamishia stoo. Shemeji anakuja tena Desemba, ameuliza alete nini safari hii, na mume wangu alishangaa aliponisikia nikijibu kabla swali halijaisha: rola nne, na kile kirola cha mpira, kifimbo changu cha chapati kimeanza kunata.